Kasula ya Padre na Kanzu ya Mzee



Wengi wenu mlikuwako siku ile ya mkutano wa parokia tulipozungumza habari ya kasula ya kijani. Kwa ajili ya wale waliokuwa shambani au safarini, twaeleza upya. Kasula hiyo ndiyo inayovaliwa sehemu kubwa ya mwaka, maana kijani ni rangi ya Jumapili za kawaida, nazo ni nyingi kuliko nyingine zote. Imechakaa. Mabega yamepauka, bitana imeachia, na mende wameula ule msalaba wa mgongoni hata umebaki na mkono mmoja na nusu. Akina mama wameitia viraka mara tatu, nasi twawashukuru, lakini kiraka nacho hutaka nguo ya kushikia.

Basi ndugu mmoja akasimama akasema kwamba ni aibu kwa altare, na kwamba Mungu astahili kilicho bora. Tununue seti mpya ya rangi zote, yenye nyuzi za dhahabu, kila nyumba itoe fungu lake machungwa yakishauzwa. Mwingine akajibu kwamba fedha hiyo iende kwenye bati, maana kule upande wa kwaya kunavuja. Halafu kijana mmoja akauliza kwa nini Padre asivae suti tu, kama wahubiri wengine wavaavyo, na gharama yote ikaisha. Hapo ikawa kelele. Mkutano ukafungwa kwa sala, kwa kuwa ilikuwa yapata saa nane na njaa imekwisha kuingia.

Tuliahidi kulijibu swali la kijana yule katika kurasa hizi, kwa sababu lilikuwa swali zuri, na sisi wakubwa tulimnyamazisha upesi mno.

Kwanza ajue kwamba mavazi haya hayakuanza kuwa mavazi ya mapadre. Katika karne za kwanza za Kanisa, aliyeadhimisha Ekaristi alivaa nguo zile zile walizovaa watu wa kawaida katika nchi za Warumi: nguo ndefu ya ndani, na juu yake joho. Hiyo nguo ndefu ndiyo alba, na neno hilo kwa Kilatini maana yake ni nyeupe tu. Sisi watu wa pwani hatuhitaji mwalimu wa kutueleza alba. Ni kanzu. Hata Bwana wetu pale msalabani, nguo ambayo askari hawakutaka kuipasua wakaipigia kura, Biblia yetu ya Kiswahili yaiita kanzu, isiyoshonwa, iliyofumwa yote pia tangu juu.

Na kasula? Kasula lilikuwa joho la msafiri, la mvua na baridi, lililomfunika mtu pande zote toka shingoni, na kwa sababu hiyo wakaliita kwa Kilatini kijumba. Mtume Paulo alikuwa na joho la namna hiyo. Alipokuwa kifungoni, mzee, karibu na kufa kwake, alimwandikia Timotheo amletee lile joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa, na baadaye kidogo katika sura ile ile akamhimiza afike kabla ya wakati wa baridi. Wako watu wapendao kusema kwamba Mtume alikuwa akiagiza kasula yake ya Misa. Sisi hatusemi hivyo. Twaona kwamba alikuwa akiona baridi.

Miaka ikapita, watu wa Ulaya wakageuza mitindo. Wakaja watu wa kaskazini na suruali zao na nguo fupi, na mjini na mashambani kila mtu akafuata mtindo mpya, isipokuwa Kanisa, ambalo halipendi kuharakishwa. Padre akabaki na nguo za babu zake. Ndivyo tuonavyo hata hapa kwetu: kanzu, iliyokuwa vazi la kila mwanamume toka Tanga hata Pangani, sasa twaiona zaidi Ijumaa kwa jirani zetu Waislamu, na arusini, na Jumapili katika sakristia, vijana wamekwenda na suruali zao. Kwa hiyo padre aliyevaa kwa Misa hakuvaa nguo za kifalme. Amevaa nguo za watu wote, ambazo watu wote walikwisha kuziacha. Nyuzi za dhahabu zilikuja baadaye, na hazikuwa lazima.

Mengine twayapitia kwa haraka. Amikto ni kile kitambaa cha shingoni, chapokea jasho, na katika joto letu chafanya kazi kweli kweli. Mshipi wafunga kiuno. Stola ni alama ya daraja: shemasi huitundika bega la kushoto, padre huivaa shingoni, ncha zikaning'inia mbele. Manipulo, ule utepe wa mkono wa kushoto, ulianza kama leso ya mkononi, na tangu mwaka 1967 hata Roma haiulazimishi tena. Mwezi uliopita tulikuta tatu katika droo ya sakristia, na mtumishi mmoja wa altare alidhani ni za kuwekea alama katika kitabu.

Na kila vazi lina sala yake ya zamani, ambayo padre huisema kimya anapolivaa. Ile ya kasula hukumbusha nira ya Kristo, iliyo laini, na mzigo wake ulio mwepesi. Yafaa mlijue hilo. Padre aliyeamka na homa, au aliyeagana vibaya na mkewe asubuhi ile, au aliyepata barua ya kumhamisha mahali asipopataka, huingiza kichwa chake katika nira hiyo hiyo na kutoka kuwahudumia ninyi. Mmemtazama kwa nyuma miaka mingi. Sasa mwajua alichokuwa akikisema.

Hapo ndipo penye jibu letu juu ya suti. Suti nayo ni vazi la ibada kwa wale wanaoihubiria, tena ya bei kubwa kuliko kasula yetu, hatuwalaumu. Lakini suti humwonyesha mtu: twaona ameshonewa wapi, ana tai gani, amefanikiwa kiasi gani. Kasula humficha. Parokia hii imepata mapadre wanene na wembamba, warefu na wafupi, wenye sauti nzuri na wasioweza kabisa kuimba, na kasula ya kijani iliwafunika wote. Wao walihamishwa, yenyewe ikabaki, kwa kuwa si yao. Ni ya Kanisa, na kwa maana hiyo ni yenu.

Tena kijana wetu asidhani kwamba mavazi haya yalitufikia bure. Huko Uingereza Kitabu cha Sala cha mwaka 1549 kiliagiza alba, na kile cha mwaka 1552 kikaikataza, na tangu hapo watu wakabishana kwa muda wa miaka mia tatu. Mwaka 1833 likaanza huko Oxford lile tapo la kuukumbusha umma kwamba Kanisa la Uingereza ni sehemu ya Kanisa Katoliki la tangu zamani, na baada yake mapadre wakaanza kuyatoa mavazi sandukuni. Mwaka 1874 Bunge lilitunga sheria ya kuwazuia. Padre Arthur Tooth akatiwa gerezani mwaka 1877 kwa majuma machache. Padre Sidney Green akakaa gerezani miezi kama 20, toka 1881 hata 1882. Si kwa ajili ya nguo peke yake, bali kwa mambo ya Misa yote pamoja, na nguo zikiwamo. Kanisa la Uingereza lilikuja kuyaruhusu wazi kwa sheria mwaka 1964. Na wengi wa mapadre wa namna hiyo hawakuwa watu wa makanisa ya matajiri. Walikaa katika vichochoro vya bandari na viwanda, kwa watu ambao nyumbani hawakuwa na kitu kizuri cha kutazama, wakataka wakione kanisani.

Mkondo huo ndio uliotufikia sisi. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyotokana na mwito wa Livingstone wa mwaka 1857, ilifika Unguja na Askofu Tozer mwaka 1864, na kabla ya miaka ya 1860 kwisha ilikwisha kugusa Magila, chini ya milima yetu ya Usambara. Mwaka ule ule wa 1864 Sultani alimpa Tozer wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao ndiye John Swedi, ambaye mwaka 1879 alifanywa shemasi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Na mwaka 1890 Cecil Majaliwa, naye aliyekuwa ameonja utumwa, akapewa upadre.

Twawaomba mlitafakari jambo hili pamoja nasi kidogo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Noeli ya mwaka ule likawekwa pale pale Mkunazini jiwe la msingi la kanisa. Wazee wa pwani walijua vema vazi lilikuwa na maana gani katika siku zile. Mtumwa alijulikana kwa kitambaa chake cha kaniki au kipande cha merikani. Kufunika kichwa na kuvaa viatu hakukuwa kwake. Na pale sokoni hata kile kidogo alifunuliwa, mnunuzi apate kumtazama meno na mgongo kama atazamavyo mnyama. Sasa mtu aliyetoka katika hali hiyo akasimama mbele ya altare amevikwa. Hakununua vazi lile wala hakulirithi kwa baba yake. Alivikwa. Kwa sababu hiyo hatuwezi kuungana na wanaosema kwamba mavazi ya ibada ni mambo ya Wazungu waliyotuletea ili kujipamba. Yawezekana kwa wengine yalikuwa hivyo. Kwa wale hayakuwa hivyo.

Ndugu zetu wa Dodoma na Mpwapwa, waliofundishwa na misheni nyingine, huvaa kanzu nyeupe fupi na skafu nyeusi, nasi tumekuwa pamoja nao katika Jimbo moja la Tanzania tangu mwaka 1970. Wakija kututembelea, wengine hutazama kasula zetu kwa mashaka, na wengine wetu hutazama skafu zao kwa kicheko. Yote mawili yatosha. Meza ni moja.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo hasa limetufanya tuandike.

Siku tatu baada ya mkutano ule, wawili wetu tulikwenda kumwangalia mzee mmoja wa parokia yetu ambaye hatukumwona kanisani tangu Pasaka. Hatutamtaja jina. Ni mtu wa mkonge, alikata mkonge ujana wake wote, na kabla ya hapo, alipokuwa mtoto, alishika chetezo. Tulidhani ni miguu. Tulimkuta ameketi nje chini ya mwembe, anasuka kamba, hana ugonjwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Vitu vya kukalia hivyo hapo."

Tukazungumza habari za mvua, na za wajukuu walioko Dar es Salaam, na za nguruwe wanaoharibu mihogo. Mwisho mmoja wetu akamwuliza mbona hatumwoni Misani. Akanyamaza, akavuta kamba yake, ndipo akasema:

"Kanzu yangu imekwisha, wanangu. Ile ya mwisho niliipasua begani, nikaishona, ikapasuka tena. Sasa nina hii fulana. Siwezi kumwendea Mungu na fulana iliyotoboka, na mimi nilifundishwa kwamba hata aliyeshika chetezo avae safi."

Mmoja wetu alifungua kinywa amjibu kwamba Mungu hatazami nguo, Mungu hutazama moyo. Neno hilo ni la kweli, limo katika Maandiko. Lakini lilimkwama kooni. Kwa maana yeye ndiye aliyesimama siku tatu nyuma akasema kwamba Mungu astahili kilicho bora.

Tulirudi kwa miguu bila kusema mengi. Twajua kwamba si ninyi peke yenu mtakaocheka. Juu ya kasula ya Padre tulisema, Mungu astahili kilicho bora. Juu ya kanzu ya mzee tulitaka kusema, Mungu hutazama moyo. Yakobo katika waraka wake amwonya mtu amketishaye mahali pazuri yule mwenye mavazi mazuri, na kumwambia maskini asimame pale au akae chini. Sisi hatukumwambia mzee asimame. Hatukumwambia neno lo lote. Tuligundua tu, baada ya miezi kadhaa, kwamba hayupo.

Na alba hiyo tunayoijadili ni nini? Tumesema ni kanzu. Sasa twaongeza kwamba kwanza ni kanzu ya Ubatizo. Ni ule weupe anaovikwa mtoto akitoka majini, na walio nao watu wa Ufunuo wa Yohana, waliofua mavazi yao katika damu ya Mwana-Kondoo. Paulo awaambia Wagalatia kwamba wote waliobatizwa wamemvaa Kristo. Hakusema mapadre. Stola ni ya daraja, kasula ni ya adhimisho la Ekaristi, lakini alba, vazi la chini ya yote, kwa asili ni mali ya kila mbatizwa, na mzee yule ana haki nayo sawa na Padre. Ameanza kuidai kabla yake, kwa kuwa amebatizwa zamani zaidi.

Askofu Frank Weston, aliyekuwa Askofu wetu wa Zanzibar toka mwaka 1908, hakuna awezaye kumshtaki kwamba aliyadharau mavazi. Aliyatetea, pamoja na Sakramenti yote, mbele ya maaskofu wa Uingereza bila haya. Lakini huyo huyo katika Vita Kuu ya kwanza alikusanya wapagazi wa Unguja akaenda nao bara, ili wasitendewe kama ng'ombe. Na huyo huyo mwaka 1923 alisimama London mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana wenye imani kama yetu, watu waliokuwa wamepigania altare zao kwa miaka mingi, akawaambia kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu katika tabenakulo ikiwa hawamhurumii Yesu katika mabanda ya maskini. Akawaambia watoke wakamtafute katika waliovaa matambara na walio uchi na walioonewa, na wakimwona, wajifunge kitambaa chake kiunoni wakawaoshe miguu. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, alifariki hapa kwetu Hegongo, karibu na Magila.

Kitambaa kile alichokisema Askofu ni cha Alhamisi Kuu. Mmeona ifanywavyo: Padre huvua kasula mbele yenu, akajifunga taulo, akapiga magoti kwenye beseni, na kila mwaka maji humwagika kwenye busati. Watoto hupenda kumwona Padre bila kasula, kana kwamba ameacha siri. Yohana aandika kwamba Bwana alijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwa kujua hivyo akaondoka chakulani, akaweka mavazi yake upande, akatwaa kitambaa. Tena Yohana hakusahau kuandika kwamba, alipokwisha kuwaosha miguu, aliyatwaa mavazi yake, akaketi tena. Aliyavua, kisha akayavaa. Sisi twapenda kushika kimoja: huyu ayavae asiyavue kamwe, yule ayavue asiyavae tena. Na wakati tunagombana, miguu bado ina vumbi.

Basi tuliyapeleka mambo haya kwa akina mama wenye cherehani, kwa sababu tulikuwa tumeishiwa na maneno. Hawakufanya mkutano. Mmoja akauliza alba ya Padre yahitaji mita ngapi za tetroni. Tukamjibu. Akauliza mzee yule ni mrefu kiasi gani. Tukasema kama Padre, ila mgongo umeinama kidogo. Akasema vema, nguo itatoka katika jora moja, na mchoro utakuwa mmoja, isipokuwa ya mzee wataiachia nafasi zaidi mgongoni.

Wakashona mbili. Ya Padre ilibarikiwa sakristiani kama desturi. Ya mzee tulimpelekea Jumamosi jioni, aliipokea kwa mikono miwili, akaikunjua, akaitazama mishono kwa ndani, kama afanyavyo mtu ajuaye kanzu, akauliza, "Ni ya kanisa au ni yangu?" Tukamwambia ni yake. Akasema kama ingekuwa ya kanisa angeirudisha baada ya Misa.

Alikuja kesho yake. Aliketi benchi la tatu, upande ule unaovuja.

Baraza limekubaliana kwamba seti ya nyuzi za dhahabu isinunuliwe mwaka huu. Bati litaanza kwanza. Kasula ya kijani itaendelea, na akina mama watakutana Jumatano alasiri nyumba ya parokia kuitoa bitana yote na kuutengeneza ule msalaba. Wanahitaji uzi wa kijani iliyokolea na kipande cha nguo ya njano, mita moja yatosha, hata kama ni ya gauni la zamani. Na ye yote ajuaye mtu wa parokia yetu anayebaki nyumbani Jumapili kwa sababu ya nguo, asimtangaze. Amnong'oneze mmoja wa akina mama hao, jina na urefu, basi.